Bague Moja, Bague Ishirini

Moulin ya Rachida, ile ya kusaga muhogo pale Alunguli, ilikuwa imenyamaza tangu juzi. Bague yake, kile kipete cha chuma kinachoshika axe, mhimili unaozunguka, ilikuwa imelika kabisa, na wateja wakawa wanampita mlangoni na mabeseni kichwani bila hata salamu. Roho ilimuuma, jamani! Akaenda moja kwa moja kwenye benchi ya Mama Joséphine, muuza kahawa ya tangawizi, maana hapo ndipo Soudi, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashini ya tour, anaposhinda akijisifu. Alimkuta na wenye moulin wawili: Waziri, ambaye mtaa mzima unamwita Ministre kwa kupenda kutoa amri, na Édouard aliyebandikwa kwa utani jina Vitesse, yaani Mbio, mtu wa mwendo wa polepole usiowahi kuona.

— Soudi, bei gani ile kwa bague moja? Ni chuma ao ni dhahabu ya machimbo ya Kama?

— Mama Rachida, haulipi chuma, unalipa matayarisho. Niwashe groupe ya umeme, nifunge chuma, nipime, ninoe kisu. Taabu ile iko sawasawa, nichonge moja ao ishirini. Ukiagiza ishirini, zinagawana taabu, na bei ya kila moja inashuka.

— Njo vile! Ministre akadakia. Mutoto wa nyoka ni nyoka!

— Nyoka anaingia wapi hapa, Ministre?

— Anaingia! Ya kwanza ikisha kuzaliwa, zingine zinafuata mama yao.

Vitesse alipiga funda, akafikiri, akapiga lingine.

— Mie naona chuma kinazoea. Kama mukate. Tanuru ikisha kupata moto, mikate ya nyuma inaiva bure.

— Basi tuagize mia! Ministre akasimama. Ikifika mia, bei inakuwa sifuri!

— Na elfu moja? Vitesse akauliza.

— Elfu moja, Soudi njo atatulipa siye!

— Ninyi leteni ishirini tu, Soudi akacheka. Wenye moulin wote wa hapa muungane. Nitakata kama ndizi.

Moyo wa Rachida ukatulia. Ni kama alikwisha kuisikia moulin yake ikinguruma.

Falone, mgeni aliyehamia kutoka Punia, alikuwa amesimama pale na beseni lake la muhogo mkavu.

— Samahani, wazee. Axe za moulin zenu zote, unene wake njo moja?

Wakati wa vita, spare zilipokosa njia ya kufika Kindu, kila moulin ilifufuliwa kwa chuma kilichookotwa: ya Ministre kwa chuma cha kamio ya mizigo, ya Vitesse kwa cha wagoni ya reli, ya Rachida kwa cha motere ya bwato ya mtoni, kila kimoja na unene wake. Na aliyezifufua zote ni Soudi huyuhuyu, ambaye sasa alikuwa anachungulia ndani ya kikombe.

— Umoja ni nguvu, Ministre akajaribu, kwa sauti ndogo.

Rachida alicheka mpaka machozi, ingawa hasira ilikuwa imemjaa tele.

— Inuka, Soudi. Washa groupe. Moja, kwa bei ya moja. Na wewe, mudogo wangu, twende. Wa kwanza kusaga njo wewe.