Wapangaji Wawili wa Muzee Paluku

Citoyen Commissaire wa Zone, wapadri na wachungaji wetu, ndugu wazazi na walimu, na weye Muzee Paluku unayeketi pale na kofia magotini: jambo kwenu!

Leo Muzee, mwalimu wetu wa biolojia, anapumzika kazi. Miye Kaswera, directrice wenu, mkuu wa shule hii, nilitafuta maneno makubwa nikakosa. Basi nitasema juu ya uyoga na kadudu ka udongo.

Nani hapa hajui kile kichuguu nyuma ya nyumba ya Muzee? Mvua ya kwanza ikinyesha, uyoga inatoka, lakini hakuna mutu anaigusa mbele ya mwenye kichuguu kuvuna wa kwanza. Hata padri anangoja!

Siku moja ya salongo, ile kazi ya pamoja, watoto wa quatrième, darasa la mwaka wa nne, walipalilia shamba la shule, wakang'oa maharagwe kidogo, wakakuta mizizi ina vivimbe. "Ugonjwa!" Wakang'oa mustari muzima, wakawasha moto. Wee! Muzee alikimbia na kiatu kimoja. "Munachoma wapishi wangu!" Akapasua kivimbe kwa ukucha, ndani nyekundu. "Humu iko bakteria. Anachukua hewa, anaipikia maharagwe chakula. Uyoga naye anakaa kwa mchwa, anawalainishia majani makavu wapate kula. Uyoga munamuona, munamusifu na ugali. Huyu munamukanyaga bila kujua. Lakini wote wawili ni wapangaji, na hakuna anayelala bure."

Na Muzee mwenyewe, si mupangaji? Nyumba ni ya shule, na mwalimu mupya, Mbusa, amefika kushika kazi yake na nyumba. Juma hili nilimuona Muzee akifunga masanduku arudi Lubero, ambako hakuna tena anayemungoja. Alizunguka kichuguu chake. Roho iliniuma, sitaficha.

Asubuhi ya leo komite ya wazazi iliketi kuzungumza juu ya ile nyumba. Mbusa akasimama: "Miye ningali kijana, nitabaki kwa shangazi yangu kule Shari. Muzee asitoke." Hakuna aliyebisha, hata citoyen muhasibu wetu, ambaye anabisha mpaka saa ya kula!

Muzee, ngoja kulia, sijamaliza. Fungua masanduku. Utakaa mule mpaka weye mwenyewe utuchoke. Na mvua ikinyesha, siye wote tutasimama kando ya kichuguu, Mbusa na kitunga mukononi, tukingoja weye uvune wa kwanza.

Wandugu, mumenipa masikio yenu, nami nawarudishia na shukrani. Asanteni sana.