Marehemu Mbele ya Jina

Benchi la Maisaka halina mwenye nalo, ila lina wenyewe. Limewekwa pembeni mwa barabara ya vumbi, mgongo ukitazama saluni ya kike na uso ukitazama studio ya kurekodi iliyo ng'ambo, na Anselm muuza kahawa ndiye anayeamua nani akae na nani asimame. Redio yake ndogo inakula umeme wa saluni kwa waya uliopitishwa dirishani. Asubuhi wanakaa hapo Wolfgang, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pampu ya maji kule Nangara na tangu siku hiyo pampu haijawaka tena, na Ledama, dalali wa ng'ombe mnadani, aitwaye Spika kwa sababu hakuna anayesema mpaka yeye amwachie nafasi. Wa tatu ni Apolinary. Huyo wamembandika jina la Taratibu, maana hata chai huipuliza kwanza, hata kama imepoa.

Asubuhi hiyo Taratibu hakupuliza chochote. Kahawa ilikuwa imepoa mkononi mwake, macho yake yamegota kwenye mlango wa studio. Jana gari la matangazo lilipita likisema umeme utakatwa leo saa sita mchana, nguzo zinabadilishwa. Watu wengine walisikia habari ya kuchaji simu mapema. Yeye alisikia habari ya msiba wa pili.

— Taratibu, akasema Spika, umekaa kama mtu aliyeuza ng'ombe asiye wake. Sema.

Akasema. Alikuwa amebeba jambo hilo peke yake kwa siku kadhaa na lilikuwa limemchosha.

Studio ile ilikuwa ya Herieli, na Taratibu alikuwa msaidizi wake. Herieli alirekodi kwaya za Babati nzima, za Wakatoliki na za Walutheri, na harusi, na wazee wa Mbulu wakisimulia mambo yao. Baada ya Pasaka figo zilimshinda, wakamzika kwao. Miezi ya mwisho, alipokuwa bado anaweza kutembea, alikuwa akija studio jioni, blanketi mabegani, anafunga mlango na kuzungumza na kinasa sauti. Alikuwa anamsemesha binti yake Coletha, ambaye bado anajifunza kuvaa viatu. Alimsemesha kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, mambo ambayo baba angemwambia mtoto kidogo kidogo kadiri anavyokua. Maneno hayo yote yamo ndani ya kompyuta ya studio na hayapo mahali pengine popote.

Injinia akauliza ugumu uko wapi, si aende akayatoe.

Ugumu ulikuwa hivi. Herieli alikuwa mtu wa kufunga milango. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, na aliifunga kwa neno la siri ambalo huulizwa kila inapowashwa. Bila neno hilo, kila kilichomo ni kama mchanga. Mara ya mwisho aliiwasha mwenyewe, siku chache kabla ya kulazwa, na tangu hapo haijazimwa. Umeme ukikatika kidogo, betri iliyo chini ya meza huishikilia mpaka urudi. Kwa hiyo mlango mkubwa bado uko wazi. Lakini folda ya Coletha inafunguliwa na Herieli tu, au na mtu ambaye kompyuta inamtambua kuwa ana mamlaka ya msimamizi. Na wenye mamlaka hayo wameandikwa kwenye faili moja dogo.

— Na wewe umo kwenye hilo faili, akasema Injinia.

— Nilikuwamo.

Hapo Anselm, ambaye kwa kawaida hamimini kikombe cha pili kabla ya kulipwa cha kwanza, akammiminia.

Taratibu akaeleza kwamba hakutaka kuifungua folda ile mwenyewe. Kwao sanduku la marehemu halifunguliwi na mtu baki. Linafunguliwa mbele ya mjane na wazee, hata kama ndani mna koti moja tu. Akaona njia ya heshima ni kuandika jina la mjane, Brigita, kwenye faili la mamlaka, ili mama wa mtoto afungue kwa mkono wake. Alitoka kwenye ibada ya kumaliza matanga, akaenda moja kwa moja studio, akafungua faili. La kwanza kabisa alilolikuta ni jina la Herieli.

— Nikashindwa kulipita hivihivi, akasema. Tumetoka kumwombea sasa hivi, halafu humu ndani ameandikwa kama mtu aliyekwenda sokoni na atarudi. Nikaongeza neno mbele ya jina. Nikaandika marehemu.

Spika akavua kofia yake, akaiweka gotini.

— Hapo huna kosa, akasema.

Injinia naye akasema hana kosa. Hata Anselm akatikisa kichwa kukubali. Na hilo ndilo lililomuumiza Taratibu zaidi, kwa sababu alijua kosa analo.

Faili lile halina adabu za watu. Kila mstari una mpangilio wake: jina la mtumiaji, kisha mashine anayoruhusiwa, kisha anachoruhusiwa kufanya. Kompyuta ilikuta neno marehemu ikalichukua kuwa ndilo jina la mtu, ikakuta Herieli ikadhani ni jina la mashine, na baada ya hapo haikuelewa tena. Ile ya kwao, kwa uzee wake, ikikuta mstari mmoja haueleweki inalikataa faili lote. Kwa hiyo Brigita hakuingia, Taratibu akatolewa, na hakuna mtu tena mwenye mamlaka ya kurudi kulisahihisha. Nenosiri la msimamizi mkuu alikuwa nalo Herieli peke yake.

Na Herieli alimfundisha. Hilo nalo alilisema, akiangalia chini. Alimfundisha kwamba faili lile haliguswi kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Kuna amri yake, visudo, ambayo inakupa nakala uandike humo, na ukimaliza inaisoma kwanza kabla ya kuikubali. Ikikuta kosa inakuonyesha mstari na kukuuliza unataka kurudi kurekebisha au kuacha mambo yalivyokuwa. Na tena, kabla hujaanza, fungua dirisha la pili ambalo tayari lina mamlaka, uliache wazi mpaka umejaribu na kuona bado unaingia. Taratibu alikuwa akiyafanya hayo kila mara, mpaka Herieli akamcheka kwamba atazeeka kabla ya kuhifadhi faili moja. Siku ile machozi yalikuwa yanamtoka. Alitumia programu anayoandikia majina ya nyimbo za kwaya, kwa sababu ndiyo ilikuwa wazi mbele yake, akahifadhi, akafunga.

Injinia alianza na wazo la maana. Akasema amewahi kusikia kwamba kompyuta ikikufungia nje unaizima, unaiwasha kwa kupitia mlango wa nyuma, unalirekebisha faili, basi. Taratibu akamwambia ndivyo ilivyo kwa kompyuta nyingine. Hii, ukiizima tu, itauliza neno la siri la Herieli kabla hujafika kwenye mlango wowote.

— Basi libahatishe. Mtu huweka jina la mtoto.

— Nimeweka jina la mtoto. La mke, la mama yake, la kijiji. Nimejaribu nyimbo zote alizozipenda kwenye nenosiri la msimamizi. Inanikatalia.

Spika akaomba nafasi, yaani akajipa. Akasema kwa ng'ombe jambo hili linajulikana. Mwenye ng'ombe akifa, kuna jike linalogoma kushusha maziwa kwa mkamuaji mgeni. Mnachofanya, mtu anavaa shuka la marehemu, anakaa upande uleule aliokuwa akikaa, anakohoa kama yeye. Jike linatulia. Akamshauri Taratibu akaombe lile blanketi, ajifunike, akae kwenye kiti cha Herieli na kubonyeza polepole kama mgonjwa.

Siku nyingine wangecheka mpaka mama wa saluni atoke nje. Injinia akasema badala ya blanketi waite fundi atoboe ukuta, waibebe meza yote na betri yake ikiwa imewaka hivyohivyo, waipeleke kwenye nyumba yenye sola wailinde kwa zamu mpaka Coletha amalize shule. Anselm akasema yeye atalinda usiku. Wote watatu walikuwa wanasema kwa dhati, na Taratibu akawapenda kwa hilo, na moyo ukazidi kumuuma.

Anselm ndiye aliyeuliza habari ya jenereta. Taratibu akasema la parokia limekwenda harusini Mutuka. Wiliam wa Nangara ameahidi kulileta la kwake kwa pikipiki kabla ya saa sita. Kuna fundi mmoja wa Arusha anayesema, kompyuta ikiwa bado imewaka, huenda akapata njia ya kuingia. Ila hawezi kufika kabla ya wiki ijayo.

— Mama Coletha anajua? akauliza Spika.

— Hajui. Leo nitamwambia.

— Ulisema leo tangu lini?

Lakini Brigita alikuwa tayari anavuka barabara.

Alikuwa amevaa kitenge cheusi kilichoanza kupauka, anatembea kama mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akawaamkia wazee shikamoo, wakaitika marahaba wote kwa pamoja na kwa haraka mno. Spika akasogea kumpa nafasi. Brigita akafungua fundo la kitenge, akatoa flashi ndogo mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

— Shemeji, nimeipata. Muuzaji kaniuliza nataka ya ukubwa gani, nikashindwa kumjibu. Nimemwambia ni sauti ya mtu mmoja tu. Itaenea humu?

Taratibu akaipokea. Ilikuwa nyepesi mno. Akafungua mdomo aseme, na hapo redio ya Anselm ikakatika katikati ya neno. Ndani ya saluni mashine ya kukausha nywele ikanyamaza na mwanamke mmoja akalalamika. Saa sita ilikuwa bado mbali. Kisha kutoka ng'ambo ya barabara, nyuma ya mlango uliofungwa, ikaanza kulia ile betri ya chini ya meza, mlio mfupi, kimya, mlio mfupi.

Injinia alishaondoka benchini, anaangalia upande wa Nangara kama pikipiki itatokea kwa kuangaliwa.

— Mama Coletha, akasema Taratibu, kuna jambo. Nililigusa faili lake vibaya. Nilitaka kuandika jina lako, ufungue mwenyewe. Na mbele ya jina la Herieli nikaandika marehemu.

Brigita akamtazama. Uso wake ukalegea, akaweka kiganja kifuani.

— Uliandika marehemu?

— Ndiyo.

— Asante, shemeji. Akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Watu wengine wameanza kumtaja hivihivi, kama jina la mtaa. Wewe umemwandika vizuri.

Taratibu alitaka kumwambia sivyo, kwamba adabu ile ndiyo iliyofunga mlango, kwamba angemwacha Herieli bila marehemu mtoto angemsikia baba yake. Maneno yalikuwepo yote. Spika akainamisha kichwa. Anselm akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone machache na machicha, akaliweka chini.

Mlio wa ng'ambo ulianza kwenda mbio, bila kupumzika katikati, ukawa mrefu mmoja. Barabara ya Nangara ilikuwa tupu. Halafu mlio ukakoma, na feni ya kompyuta, ambayo walikuwa wameizoea kiasi cha kutoisikia, ikasikika kwa namna ilivyoacha.

Taratibu akaketi. Flashi ilikuwa bado mkononi mwake.

— Kumetulia, akasema Brigita, akigeuka kuwatazama mmoja mmoja. Haya, shemeji, hukuniambia. Itaenea?