Sauti ya Mnadi

Badru alipunguza muziki wa singeli kwenye bajaji yake, si kwa heshima ya abiria, bali apate kusikia vizuri maongezi ya kiti cha nyuma.

"Shikamoo mama," kijana alimwamkia mwanamke mwenye mtandio, kwa sauti inayokwaruza kama bati.

"Marahaba mwanangu. Sauti hiyo ina muda gani?"

"Mwezi wa pili huu. Mie nanadi mitumba Buguruni, mama. Mnadi asiyekaukiwa sauti huyo hajauza kitu! Natafuna tangawizi tu."

"Hata mie nilitafunaga tangawizi. Kumbe kansa ya koo."

Badru nusura aingie mtaroni.

"Kansa? Mbona unaongea kama chiriku?" kijana aliuliza.

"Yangu waliiwahi. Mionzi wiki saba, unavalishwa kinyago cha plastiki kimekubana uso. Pilau ilikuwa kama natafuna boksi. Sasa hivi kinyago wanacho wajukuu, wanakivaa kutishia kuku. Wewe sauti ikipita wiki tatu haijarudi, kamuone daktari wa koo."

"Nitaenda, mama. Nimalize kwanza mzigo wa sikukuu."

"Na koo nalo linajua sikukuu ni lini?"

Kijana alicheka, akakohoa, akabisha hadi Buguruni. Hapo akajaza kifua kama anayefungua belo jipya la mitumba, akapanua mdomo kumwita dereva. Ikatoka hewa tupu. Kituo kikaanza kubaki nyuma.

"Shushaaa!" mama alipaza sauti, hata muuza machungwa ng'ambo ya barabara akageuka.

Badru akafunga breki. Bajaji ikasimama.

Hakuna aliyeshuka. Kijana alijishika koo, akamwonyesha Badru kwa kidole njia ya hospitali.