Wilkister Akoth, Mwalimu Aliyeusoma Ukingo wa Tana

Tunayemzika leo ni mke wangu, Mwalimu Wilkister Akoth. Mimi, Lazarus Njeru, sikusoma. Ninayoyajua nilimwambia binti yetu Wanji akayaandika, na ndiye anayewasomea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Nyakach, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Daud Ogola na marehemu Mama Rosbella. Nyumba yao ilikuwa chini ya mteremko. Alipokuwa darasa la pili mvua ilinyesha wiki nzima, mteremko ukaporomoka, ukafunika jiko la nyanya yake. Nyanya alikuwa ametoka nje kufukuza kuku, akapona. Marehemu alisema tangu siku hiyo hakuiamini ardhi tena, lakini hakuacha kuitazama.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari huko kwao, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1984 katika Jiografia na Kiswahili. Januari 1985 serikali ilimleta Garissa. Dada zake walimlilia kama aliyekufa. Walimu waliokuja naye wakaomba uhamisho mmoja mmoja. Yeye hakuomba. Alifundisha wasichana wa hapa mpaka alipostaafu Machi 2021, na baadhi yao wamekuja leo na wajukuu zao. Volkano aliwafundisha kwa sufuria ya uji juu ya jiko. Mwaka mmoja uji ulifoka ukamwagikia viatu vya mkaguzi. Wasichana wale hawakusahau volkano mpaka leo, na nadhani mkaguzi pia.

Tulikutana nikijenga nyumba za walimu. Alipita akasema ukuta umepinda. Nikamjibu, "Mwalimu, ukuta uko sawa, ni wewe umesimama vibaya." Akaishika timazi mwenyewe. Ukuta ulikuwa umepinda. Tulifunga ndoa kanisani hapa Garissa tarehe 12 Desemba 1987, tukakaa mtaa wa Galbet. Mungu alitupa Kim mwaka 1989 na Wanji mwaka 1992.

Mwaka 2019, watoto wakiwa wameshajitegemea, aliingia chuo kikuu Nairobi kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya ardhi. Wenzake walikuwa watoto wa juzi. Mmoja alichagua volkano za Bonde la Ufa, mwingine matetemeko. Yeye alichagua kumomonyoka na kuporomoka kwa ukingo wa mto Tana, pale Bula Kaaha, penye mashamba na nyumba chini ya mji. Wakamcheka, wakamuuliza Garissa mlima uko wapi wa kuporomoka. Akawaambia, "Ardhi haidai mlima ili ianguke. Inataka ukingo na maji."

Nilimkatia nondo fupi fupi, akazipaka rangi nyekundu na kuzisimamisha mstari mmoja juu ya ukingo. Kila mwezi alikwenda na utepe kupima kutoka kwenye nondo mpaka mahali ardhi inapoishia. Mto ukila, kipimo kinapungua. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Lakini karibu miaka miwili ikapita na kipimo hakikupungua. Macho yalimwambia ukingo unaliwa, utepe ulimwambia haukuguswa. Mkuu wake chuoni akamwandikia kwamba ukingo ule ni imara, atafute jambo lingine au aache.

Mapema mwaka 2022 alimkuta Mama Gelle akichunga mbuzi pale. Mama Gelle ndiye Mulki, mkazi wa Bula Kaaha na rafiki yetu wa miaka mingi, na leo yuko hapa. Alikuwa ameshika nondo moja, anaichimbia upya mbali na maji. Marehemu akamuuliza anafanya nini. Mama Gelle akasema kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, hii chuma yako ilikuwa karibu kuanguka kwa maji. Mimi kila mara natoa, nabeleka nyuma kidogo. Wewe mtu mzuri, chuma yako isipotee."

Miaka miwili alikuwa akimtunzia. Kila ukingo ulipomeguka, yeye alirudisha nondo nyuma, tena kwa kukadiria vizuri, kila moja ibaki karibu na maji kama mwalimu alivyoiweka. Marehemu alikaa chini kwenye mchanga, akacheka mpaka Mama Gelle akaogopa. Nyumbani hakucheka.

Siku tatu hivi zikapita. Kisha akaniambia nikate nondo nyingine. Chuo kilimpa muda wa mwisho, Februari 2024, baada ya hapo jina lake lifutwe. Juni 2022 madaktari wakasema figo zake zimechoka. Akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku ambazo hakuwa hospitalini alikuwa mtoni. Awe mlinzi wa nondo, alimchagua Mama Gelle. Alimwambia, "Ikianguka, iache ianguke. Hiyo ndiyo habari ninayoitafuta." Mama Gelle akamwuliza chuma ni ya serikali ama yake. Aliposikia ni yake, akasema, "Basi wewe iko na besa mingi." Lakini alilinda. Mtoto akikaribia nondo, anafukuzwa kwa fimbo ya mbuzi.

Mvua za Machi mpaka Mei 2023 zilichukua nondo karibu nusu. Marehemu alizipiga hesabu, akachora mstari kwa chokaa katikati ya Bula Kaaha. Alisema mvua kubwa ikija, kila kilicho upande wa mto kitakwenda, pamoja na nyumba na mahali pa kuswalia.

Agosti aliitisha kikao cha watu wa Bula Kaaha. Mzee Siyad, aliyeishi pale miaka mingi kuliko wote, alisema kwa heshima kwamba yeye na Tana ni majirani tangu ujana wake, na jirani hamgeuki jirani. Kijana mmoja nyuma akasema mwalimu amestaafu, sasa amekosa wanafunzi anafundisha mto. Watu wakacheka. Marehemu alikuwa ametoka kusafishwa damu jana yake, sauti yake haikufika mbali. Nilidhani tumekwisha.

Mama Gelle akasimama. Akasema, "Mimi ndio nilifanya huyu asiwaambie mabema. Nilikuwa nasongesha chuma yake, nikifikiri nasaidia. Mimi nimeona kwa macho yangu ile mto imekula. Siyad, wewe kaa na jirani yako. Mimi leo nahama."

Na alihama siku hiyo hiyo, na mbuzi wake. Wiki iliyofuata walihama wengine. Mzee Siyad alihama wa mwisho, mwanzo wa Oktoba. Alisema haogopi mto, anaogopa kubaki bila mtu wa kucheza naye bao.

Novemba mvua ile mnayoikumbuka nyote ilikuja. Tana ilijaa, ukingo ukakatika vipande vikubwa kama mkate, ukafika kwenye chokaa ukapita kidogo. Nyumba zilikwenda zikiwa tupu. Mahali pa kuswalia pakaenda patupu. Marehemu alisimama juu na mwavuli wa Kim, akatazama. Mzee Siyad akaja akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Tarehe 21 Februari 2024 alitetea utafiti wake mbele ya maprofesa. Hakuficha habari ya nondo zilizohamishwa. Aliipa sura nzima katika tasnifu yake. Profesa mmoja alimwuliza kama hakuona aibu kuiandika. Akajibu, "Aibu ingekuwa kuwaacha watu pale." Walimpitisha bila kumrudisha. Tarehe 20 Septemba 2024 alivaa joho, ana miaka sitini na mitatu. Mama Gelle alisafiri mpaka Nairobi kwa mara ya kwanza, akapiga vigelegele mpaka askari wa chuo akamwomba akae. Hakukaa.

Mwaka huu figo zilimshinda. Hakulalamika. Alilala tarehe 17 Agosti 2025, saa nne asubuhi, hospitalini hapa Garissa, mimi na Wanji tukiwa kando yake. Wazee wa Nyakach walimtaka, na kwetu Mbeere palikuwa na nafasi. Yeye alisema Garissa. Nawashukuru wazee kwa kukubali.

Ameacha mume, Kim na Wanji, wajukuu wanne, dada zake wawili, na wanafunzi ambao siwezi kuwahesabu. Ameacha pia watu wa Bula Kaaha, wazee kwa watoto. Hakuna aliyepungua.

Apumzike sasa. Kazi yake aliimaliza.