Numisia Tertula, Aliyeonja Kwanza

Watu wa Roma, nawe Kaisari uliyeketi hapa mbele, kabla hatujampeleka motoni, msikieni Numisia Tertula, mjane wa Kaisari Fabato, kama alivyokuwa, si kama alivyosemwa. Anayesoma ni Lusio, kaka yake wa tumbo moja. Leo ulimi wake ni mzito, mtamvumilia.

Alizaliwa Reate, siku ya nne kabla ya Ide, katikati ya Mei, mwaka ambao Setilio na Rufo walikuwa makonsuli. Alikuwa kitinda mimba wa Mzee Numisio, mfuga nyuki. Siku hiyo bundi alitua juu ya mzinga mchana kweupe, na shangazi mmoja, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kuharibu karamu za watu, akasema, "Huyu atakula vizuri, ila chakula nacho kitamla." Baba alimfukuza nyumbani. Shangazi aliondoka, maneno yake yakabaki.

Masomo aliyapata nyumbani, kama wasichana wote wa kwetu. Mwalimu Mgiriki alikuja kumfundisha Lusio, na Tertula alikaa nyuma ya pazia na kazi yake ya kusokota sufu. Lusio alikuwa mzito wa kuelewa, kwa hiyo dada mtu alimnong'oneza majibu asije akachapwa. Mwalimu alipogundua, akamuuliza, "Wewe binti, fimbo si yako. Unahangaikia nini?" Akajibu, "Mgongo ni wa kwetu." Alichapwa yeye siku ile, wala hakulia.

Aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza, Rutilio, mfanyabiashara wa sufu, alikohoa damu miaka mitatu akafariki. Majirani waliomsikia akikohoa muda wote huo ndio hao hao waliosema ni sumu katika asali ya mkewe. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Kaisari Fabato alipomwoa, maneno yalihamia Roma pamoja naye, yakapata hewa nzuri, yakanenepa. Akina mama wa mji huu mlimtaja usiku kuwatishia watoto wasiotaka kulala. Msitazame chini, tunajuana.

Katika karamu ya harusi hiyo wageni walikaa na sahani zimejaa, na hakuna aliyegusa kitu. Bibi harusi akainuka na kijiko chake cha pembe, akazunguka akionja sahani ya kila mtu. Akamwambia seneta mmoja mwenye kitambi, "Kula, mzee wangu. Nikianguka, utajua. Nisipoanguka, utaona aibu." Seneta alikula, akaongezwa, akaomba tena. Tangu hapo ikawa desturi kwamba katika nyumba ya Kaisari mama mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza.

Alifanya kazi nyingi. Maghala ya ngano yalifunguliwa mwaka wa njaa kwa sababu yeye hakumpa mumewe usingizi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa malezi. Fabato alikuwa na mtoto, Setino, aliyefiwa na mama yake, mdogo, mwembamba, hali chochote. "Onja kwanza wewe, Mama," alikuwa akisema. Mama akionja, mtoto alifungua mdomo. Alimlisha hivyo mpaka akaota ndevu. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wahenga hawakuwahi kukaa katika jumba lile.

Mwaka huu Fabato alikufa kwa uzee, na Setino akawa Kaisari. Haukupita muda, sanamu ya Tertula iliyokuwa sokoni ikashushwa, tukaambiwa inakwenda kusafishwa. Iliporudi ilikuwa na mavazi yake na mikono yake, na uso wa mke kijana wa Kaisari. Tertula alisimama akaitazama, na mtumwa wake Kloe kando yake. "Kloe," akasema, "mimi nimekwisha kufa, sijaambiwa tu." Kloe alianza kulia. Yeye akamwambia waende wakanunue vitunguu, soko litafungwa.

Kuhusu ugonjwa, kaka yake ameagizwa la kusema. Filero, mtumishi wa jumba, alimjia jana, mpole kama mganga. "Mzee Lusio, sema homa. Neno moja tu. Ukilisema, sanamu yake iliyobaki haitaguswa, na jina lake litakaa. Usipolisema, kesho atakuwa hajapata kuzaliwa." Sanamu yenyewe ni hii hapa nyuma, na ngazi ya waashi mnaiona, imeshaegemezwa. Lusio alikuja hapa leo akiwa na nia ya kusema homa.

Tertula aliumwa tumbo kidogo, maumivu ya kawaida. Kaisari akamletea mchuzi wa kuku kutoka mezani kwake. Kuukataa ni kumwita Kaisari muuaji, na nyumba nzima ingelipa. Kloe alinyoosha mkono auonje. "Weka chini," Tertula akamwambia. "Nyumba hii naonja mimi." Akala. Kesho yake ulimi ulivimba, hakuweza kusema tena.

Mnaijua desturi yetu. Ndugu wa karibu huinama akaipokea pumzi ya mwisho kwa mdomo wake, isipotee. Lusio aliinama, Tertula akageuza uso. Akainama tena, akageuza tena, kwa nguvu ambazo hakuwa nazo. Kloe akasema, "Bwana, hataki." Lusio akadhani dada yake anakufa na hasira juu yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Akamshika kidevu, kama mtoto anayekataa dawa, akambusu. Tertula alifariki hapo, mchana, siku moja kabla ya Kalenda, mwanzo wa Novemba, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Jioni midomo ya Lusio ilikufa ganzi, na asubuhi hii ulimi. Ndipo alipoelewa dada yake alikuwa akimkinga na nini. Fimbo ilikuwa yake safari hii, na bado alihangaikia mgongo wa kaka.

Lusio akisema homa, mtaitikia, na mkifika majumbani mtasema amekula asali yake mwenyewe. Jina la namna hiyo libaki juu ya jiwe la nini? Haikuwa homa. Filero, ngazi ni yenu, jiwe pia ni lenu.

Marehemu ameacha mizinga ya nyuki huko Reate. Ameacha Kloe, aliyempa uhuru wake, ambaye sasa yuko mbali, msijisumbue kumtafuta. Ameacha mwana aliyemlea, Kaisari Setino, ambaye kuanzia leo hana wa kumwonjea. Ameacha kaka mmoja, mpaka jioni.

Ardhi na imlalie kwa wepesi.