Naomba Msiipitishe Ramani Yangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, Baba Askofu uliyetufungulia kwa maombi, wenzangu wa ofisini, na nyinyi akina mama wa soko mlioacha biashara mje kumuaga mzee, nawasalimu wote kwa heshima.

Leo mimi, Dishon Ooko, nastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanga mji huu. Nimesifiwa tangu saa nane, hata nikageuka nyuma kuangalia kama anayesifiwa ameketi nyuma yangu. Zaidi ya yote mmesifu ramani ile ukutani, ya kufufua katikati ya Kisumu, ambayo kamati itaipigia kura kesho. Ni nzuri, sikatai. Ina miti, ina taa, ina njia ya miguu iliyonyooka mpaka ufukweni, ili mji uache kuligeuzia ziwa mgongo.

Lakini tazameni ule mstatili wa kijivu. Niliandika: "Eneo tupu. Maegesho ya magari." Nilijuaje kwamba ni tupu? Nilituma wapimaji saa nne asubuhi, wakakuta pametulia, wakapiga picha, wakarudi kunywa chai.

Mwezi jana Mama Nakhumicha, anayeuza omena, dagaa wa ziwa letu, hapo hapo kwenye mstatili, alikuja ofisini. Nilimweleza ramani kwa Kiswahili kirefu cha ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimewahi kukaa pale kutwa nzima. Nikasema nina kazi nyingi.

Akaniambia, "Mzee, kuja ukae siku moja tu. Kiti nitakupea."

Ndugu zangu, nilikaa. Alfajiri mboga zilishuka kutoka Pap Onditi, wachuuzi wa mtaa wa Manyatta wakagawana, na kufikia saa tatu na nusu hapakubaki hata jani. Saa nne, kweli, palikuwa patupu. Saa sita wakaja mafundi viatu na wapishi. Saa kumi samaki wa ufukwe wa Dunga wakafika na akina mama wakatandaza magunia. Nilihesabu watu zaidi ya mia nne wakipokezana kiwanja kimoja, na sikusikia ugomvi. Ni nani aliyewapangia? Mama alicheka, akasema anayemaliza anafagia, anayekuja anakuta pasafi, basi. Nina shahada mbili za mipango miji, na sijawahi kupanga kitu kama kile. Niliona aibu, lakini zaidi nilistaajabu, na mpaka sasa nastaajabu.

Mkiipitisha ramani ile, Mama Nakhumicha na wenzake watahamia kando ya barabara, halafu watafukuzwa hapo pia. Tutakuwa tumeufufua mji kwa kuwaondoa waliokuwa hai ndani yake.

Kwa nini sikuisahihisha mapema? Nilitaka kuondoka na sifa. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nami leo nachutama mbele yenu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, uliniuliza nataka zawadi gani. Sitaki mbuzi wala saa ya ukutani. Pale pawekeni maji, mtaro, choo na taa, mpaandike kwa jina la haki: soko. Hii hapa barua ya kuiondoa ramani yangu. Nimeitia sahihi nikiwa bado afisa wenu, na uafisa wangu unakwisha saa kumi na moja. Naomba uipokee sasa, akina mama wakiona.

Erokamano, asanteni kwa kunivumilia.