Dada Aliyempa Malkia Sababu

Ndugu waombolezaji, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yangu, na kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kusoma, mtanivumilia nikikwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi umeme na mkewe, ambaye alifariki dada akiwa na miaka saba na mimi mitatu. Mwaka uliofuata baba alioa fundi cherehani, aliyetulea kwa ukali na mkono wa birika, sukari akiifungia kabatini kwa kufuli, na dada akishona vifungo vya nguo za wateja kabla ya kwenda shule.

Alimaliza sekondari mwaka 1987, akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, na huko ndiko alikoanza kuandika riwaya za falme za kubuni. Ya kwanza, iliyotoka Juni 1996, ilikuwa na Malkia anayeshona midomo ya watoto kwa uzi mweusi, mbaya tangu ukurasa wa kwanza hadi anapotumbukia ziwani, wala hakuna msomaji aliyemlilia. Mtaa mzima ulijua Malkia ni nani. Wateja walimwita mama wa kambo kwa jina hilo mbele ya cherehani yake, naye akaendelea kushona kana kwamba hasikii.

Tarehe 9 Agosti 1997 dada alifunga ndoa na mpiga chapa mwenzake, mtu mpole ajabu, wakajaliwa mabinti wawili. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2005, mumewe alimkuta siku moja amepanda kiti, anaficha sukari juu ya kabati wanawe wasiifikie; dada akashuka, akacheka mpaka akalia, kisha akaenda kuandika riwaya nyingine. Katika riwaya hiyo Malkia alirudi, kumbe mle ziwani mlikuwa na zimwi lililofuata sauti za watoto, naye Malkia, aliyekwisha kumpoteza wa kwake, hakujua njia nyingine ya kuwanyamazisha. Dada hakumsafisha, watoto walibaki na makovu, na mmoja wao, ambaye sina haja ya kuuliza kama ni mimi, alikataa kumsamehe hadi mwisho. Mchapishaji alimwambia wasomaji wanataka mtu wa kumchukia, dada akamjibu kwamba mbaya asiye na sababu anaandikika hata ukiwa usingizini, ila yeye hajawahi kukutana naye, hata kwao. Kitabu alimpelekea mama wa kambo kwa mkono wake, wakajifungia chumbani mchana kutwa, na walichosemezana hakijulikani, jambo linalowauma wambea wa mtaa mpaka leo.

Februari mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaugua kwa uvumilivu, huku mama wa kambo, mwenye miaka themanini na mmoja, akimlisha kwa kijiko, hadi alipofariki Jumanne iliyopita alfajiri. Katika kikao cha mazishi baadhi yetu, mimi nikiwa mbele, tulitaka mama huyo asitajwe, lakini marehemu alikwisha kumwachia mumewe agizo la namna ya kumtaja, naye hakukubali lipindishwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupokea usiku na mchana, na wachapaji wenzake waliofika wote. Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake, ambaye bado hajasamehe, na mama yake, aliyeketi pale benchi la mbele.

Dada yangu, nimesoma kama ulivyotaka. Pumzika kwa amani.